Fremu ya Habari: Jinsi Picha na Maneno Yanavyoongoza Fikra za Umma

Fremu ya habari ni mpaka unaowekwa kuzunguka tukio ili sehemu yake moja ionekane na nyingine ibaki nje. Jina limetokana na picha ya ukutani. Mbao nne zinazoizunguka picha haziongezi kitu ndani yake, lakini ndizo zinazoamua jicho litue wapi na likomee wapi. Mwandishi, mpigapicha na mhariri hufanya kazi hiyo kila siku. Tukio lina pande nyingi, ukurasa una nafasi ndogo na taarifa ya habari ya redio ina dakika chache, hivyo ni lazima kitu kiingie na kingine kiachwe. Hakuna habari isiyo na fremu. Tatizo ni kwamba msomaji huiona picha na asizione mbao.

Fremu isichanganywe na uongo. Habari ya uongo husema jambo ambalo halikutokea, na ukweli ukijulikana habari hiyo huanguka. Habari yenye fremu iliyoelemea upande mmoja inaweza kuwa kweli kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na bado ikamwacha msomaji na picha iliyopinda. Kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuikanusha.

Mwanasosholojia Erving Goffman aliieneza dhana hii katika taaluma mwaka 1974 kwa kitabu chake Frame Analysis. Alieleza kuwa binadamu hutumia fremu za akilini kutambua kinachoendelea mbele yake: je, watu wale wawili wanapigana au wanataniana? Mwaka 1993 Robert Entman, mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, aliipa dhana hiyo umbo linalotumika hadi leo katika uchunguzi wa habari. Kwa maelezo yake, fremu hufanya kazi nne: hutaja tatizo ni lipi, huonyesha chanzo chake, hutoa hukumu ya kimaadili, na hupendekeza suluhisho.

Kazi hizo nne huonekana vizuri katika mafuriko. Desemba 2011 mvua kubwa ilifurisha Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ikaua watu na kuacha familia nyingi bila makao, na baadaye sehemu ya waathirika ikapewa viwanja Mabwepande. Tukio la namna hiyo linaweza kusimuliwa kwa fremu tatu. Ya kwanza ni ya maumbile: tatizo ni mvua, chanzo ni mbingu, hakuna wa kulaumiwa, suluhisho ni blanketi na chakula. Ya pili ni ya ukaidi: tatizo ni watu waliojenga bondeni, chanzo ni kutosikia la mkuu, suluhisho ni kuwahamisha. Ya tatu ni ya mipango miji: tatizo ni jiji lililokua bila viwanja vilivyopimwa ambavyo mtu wa kipato cha chini anaweza kuvimudu, chanzo ni miongo ya maamuzi ya ofisini, suluhisho ni ardhi na mitaro. Maji ni yale yale na maiti ni wale wale. Kinachobadilika ni nani atakayeitwa kujibu.

Neno moja linavyobadilisha kumbukumbu

Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa kuhusu magari “yaliyopondana” walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari “yaliyogusana” walikadiria maili 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya kutazama filamu, washiriki waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Hata hivyo, kati ya washiriki 50 waliosikia neno “kupondana”, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia neno “kugongana”, waliosema hivyo walikuwa 7. Neno lilikuwa limeingia katika kumbukumbu na kuongeza kitu ambacho hakikuwapo.

Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha kuwa neno linaweza kubadili pia uamuzi. Washiriki waliambiwa kuna ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600, na kuna mipango miwili ya kuukabili. Kundi la kwanza lilielezwa kuwa mpango mmoja utaokoa watu 200 kwa uhakika, na mwingine una nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote 600. Asilimia 72 walichagua uhakika. Kundi la pili lilielezwa mipango ile ile kwa lugha ya vifo: katika mmoja watakufa watu 400, katika mwingine kuna nafasi moja kati ya tatu kwamba hatakufa hata mmoja. Sasa waliochagua uhakika walikuwa asilimia 22 tu. Hesabu haikubadilika, maana kuokoa 200 kati ya 600 ndiko kuwapoteza 400. Kilichobadilika ni kama msomaji aliwaangalia watakaopona au watakaozikwa.

Kauli ya kitenzi na mtenda aliyefichwa

Kiswahili kina njia zake za kumfichua au kumficha mtenda, na zimo ndani ya kitenzi. “Juma amevunja kioo” inamtaja aliyetenda. “Kioo kimevunjwa” inakiri kuwa yupo aliyevunja, ila haimtaji. “Kioo kimevunjika” inamwondoa kabisa, na kioo kinabaki peke yake kana kwamba kimejivunja. Sarufi huziita kauli ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendeka.

Katika chumba cha habari uchaguzi huo si wa kisarufi pekee. Vichwa vitatu vinaweza kuandikwa juu ya jambo moja: “Mhasibu aiba fedha za kijiji”, “Fedha za kijiji zaibwa”, “Fedha za kijiji zapotea”. Cha kwanza kinadai hukumu, na mhariri asiye na ushahidi hapaswi kukithubutu. Cha pili kinadai uchunguzi. Cha tatu kinadai subira, kwa maana kilichopotea huenda kikaonekana. Vivyo hivyo, nyumba “zilizobomoka” na nyumba “zilizobomolewa” ni habari mbili tofauti, ingawa vifusi ni vile vile. Zilizobomoka zina mvua au uchakavu. Zilizobomolewa zina amri, mtu aliyeitia saini, na swali la fidia.

Habari za ajali barabarani zimejaa kauli ya namna hii. “Basi limeacha njia na kupinduka” ni sentensi ambamo basi ndilo lililoamua. Dereva aliyeendesha usiku kucha, mmiliki aliyempangia safari mbili mfululizo, mkaguzi aliyepitisha matairi yaliyokwisha na kona isiyo na alama wote wamebaki nje. Ikifuatiwa na msemo kwamba ajali haina kinga, fremu inakuwa imefungwa: lisilo na kinga halina wa kuwajibika.

Majina yanayohukumu

Magazeti ya Kiswahili yana vifungu vya maneno vilivyozoeleka kiasi kwamba mwandishi huvitumia bila kuvitazama. Mojawapo ni “wananchi wenye hasira kali”. Kwa kawaida humkuta msomaji katika habari ya mtu aliyepigwa hadi kufa kwa kushukiwa wizi: kibaka auawa na wananchi wenye hasira kali. Kila neno hapo limekwisha amua jambo. “Kibaka” limemtia hatiani marehemu kabla ya mahakama. “Wananchi” limewapa wauaji heshima ya wenye nchi, na kwa kufanya hivyo limemtoa aliyeuawa katika uananchi. “Hasira kali” limewapa udhuru. Habari hiyo hiyo ingeweza kusema kundi la watu limemuua kijana aliyekuwa akituhumiwa kuiba simu. Hapo msomaji angeona mauaji, na angeanza kujiuliza ni akina nani waliotenda.

Kifungu cha pili ni “wivu wa mapenzi”. Mume anapomuua mke wake, kichwa cha habari mara nyingi husema amemuua kwa wivu wa mapenzi. Maneno hayo huweka mapenzi ndani ya mauaji na kuyafanya yaonekane kama upendo uliozidi kipimo. Utetezi wa mtuhumiwa huwa umekwisha kuwa kichwa cha habari kabla hajasimama kizimbani. Yanayobaki nje ni miaka ya kipigo, majirani waliosikia kelele, na ndugu waliomrudisha mwanamke kwa mumewe wakimwambia avumilie. Katika fremu ya wivu, mwanamke aliyeuawa anakuwa sababu ya kifo chake.

Cha tatu ni “wahamiaji haramu”. Kwa msemaji wa Kiswahili, haramu ni neno zito la dini: ni kitu kilichokatazwa na Mungu, na anayezaliwa nje ya ndoa huitwa mwanaharamu kwa lengo la kumuumiza. Kuingia nchini bila kibali ni kosa la kisheria linalohusu nyaraka. Neno haramu hulitoa kosa kwenye nyaraka na kulipachika mtu mwenyewe. Juni 2012 miili ya zaidi ya wahamiaji 40 kutoka Ethiopia waliokosa hewa ndani ya lori ilikutwa mkoani Dodoma. Wakiitwa haramu, ni wavunja sheria waliopatwa na yao. Wakiitwa wahamiaji wasio na vibali waliosafirishwa na walanguzi wa watu, wanaonekana kuwa watu waliouawa na biashara yenye wenyewe.

Jina linaweza pia kusafisha. Rushwa huitwa chai, kitu kidogo au asante, na kila jina huifanya ionekane kama adabu baina ya watu wema. Tanzania iliwahi kulifikisha jina la namna hiyo kwenye sheria: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu “takrima”, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Neno lilibeba heshima yote ya ukarimu wa Mswahili kwa mgeni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, ikiona kuwa vinampendelea mwenye fedha na kufungua mlango wa rushwa.

Hata ngeli ina fremu. Maneno kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yana kiambishi ki-, kile kile cha kiti na kisu. Ndiyo maana vyama vya watu wenye ulemavu vimesisitiza kusemwe asiyeona, asiyesikia, mtu mwenye ulemavu. Neno zeruzeru limekipisha kifungu “mtu mwenye ualbino”, na katika kifungu hicho mtu hutangulia na hali yake hufuata. Mpangilio huo ulikuwa na uzito wa pekee katika miaka ambayo mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Tanzania. Habari iliyotaja viungo vya mwili na bei yake ilimgeuza mtu kuwa bidhaa na kutangaza soko bila kukusudia. Iliyoanza na mtoto, darasa lake na mama yake ilimrudisha katika utu.

Picha: kilichokatwa na kilichobaki

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Picha ya habari humwambia. Msomaji huiamini kwa sababu kamera ilikuwapo, akasahau kuwa nyuma ya kamera alisimama mtu aliyechagua mahali pa kusimama.

Januari 2020 wanaharakati watano vijana wa tabianchi walipiga picha ya pamoja mjini Davos, Uswisi, milima yenye theluji ikiwa nyuma yao. Wanne walitoka Ulaya: Greta Thunberg, Isabelle Axelsson, Luisa Neubauer na Loukina Tille. Wa tano, aliyesimama pembeni kabisa, alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda. Shirika la habari la Associated Press lilipoitoa picha hiyo, lilikuwa limeikata upande mmoja, na Nakate hakuwamo. Maelezo ya kwanza yalikuwa ya kiufundi: nyuma yake palikuwa na jengo lililoharibu muundo wa picha. Nakate alipolalamika hadharani, picha nzima ilirudishwa na mhariri mkuu wa shirika hilo akaomba radhi. Wanawake wanne waliobaki wote walikuwa Wazungu. Pengine aliyekata alikuwa akiliangalia jengo tu, lakini matokeo yalisema kuwa tabianchi ni suala la Ulaya, na bara linaloumizwa na ukame na mafuriko halikuwa na mwakilishi. Ili fremu iumize, si lazima aliyeikata awe amekusudia.

Mwanga nao husema. Juni 1994 polisi wa Los Angeles walipotoa picha ya O. J. Simpson, mwanamichezo aliyeshtakiwa kwa mauaji, majarida Newsweek na Time yaliichapisha kwenye jalada wiki ile ile. Newsweek liliiacha kama ilivyo. Time liliitia giza, ngozi ya Simpson ikawa nyeusi zaidi. Majalada hayo yalipowekwa bega kwa bega kwenye meza za wauza magazeti, wasomaji waliona namna weusi ulivyotumiwa kuashiria hatia. Time liliomba radhi.

Pembe na umbali hukamilisha kazi. Wapiga kampeni wanaujua ufundi huu vizuri. Mkutano wenye watu wachache, ukipigwa picha kutoka chini na kwa lenzi ndefu inayosogeza vichwa karibu karibu, hugeuka nyomi. Mkutano ule ule ukipigwa kutoka juu, wakati wa kusubiri mgeni rasmi, huonyesha viti vitupu. Maandamano yakipigwa picha kutoka nyuma ya ngao za polisi, mtazamaji husimama na polisi, na vijana huja kumrukia yeye. Yakipigwa kutoka nyuma ya vijana, virungu humwelekea yeye.

Kisha huja maelezo ya picha, mstari mdogo chini yake. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga New Orleans tarehe 29 Agosti 2005, picha mbili kutoka mashirika mawili tofauti zilionekana kwenye mtandao karibu wakati mmoja. Zote zilionyesha watu ndani ya maji yaliyofika kifuani, wakibeba chakula. Katika moja alikuwamo kijana Mweusi, na maelezo yalisema alikuwa amepora duka la vyakula. Katika nyingine walikuwamo watu wawili Weupe, na maelezo yalisema walikuwa wamepata mkate na soda kutoka dukani. Kila upande ulijitetea kwamba ulieleza alichokiona mpigapicha wake. Hata utetezi huo ukikubaliwa, msomaji aliyezikuta picha hizo pamoja alifundishwa jambo moja: mikono ya rangi moja hupora, ya rangi nyingine hupata.

Mtu mmoja au mkondo mzima

Mwaka 1991 Shanto Iyengar alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu habari za televisheni nchini Marekani. Alitofautisha fremu mbili. Ya kwanza husimulia tukio au mtu mmoja: mama fulani asiye na kazi, nyumba yake, machozi yake. Ya pili husimulia mkondo: idadi ya waliopoteza kazi, sera zilizobadilika, viwanda vilivyofungwa. Katika habari za umaskini, waliotazama masimulizi ya mtu mmoja walielekea kumlaumu maskini mwenyewe, na waliotazama mkondo walielekea kuiuliza serikali na jamii. Habari ya mtu mmoja hugusa moyo haraka, ndiyo maana wahariri huipenda, lakini huruma yake haifiki mbali kama machozi yake.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulipigwa picha na mwana wa Afrika Mashariki. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kuanza kazi yake Dar es Salaam, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984 akiwa na kamera yake, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Ripoti yao ilirushwa tarehe 23 Oktoba: ukungu wa alfajiri, maelfu ya watu wamejifunika shuka uwandani, na maiti za waliokufa usiku zikipangwa. Televisheni za nchi nyingi ziliirudia. Fedha zikachangwa, na tarehe 13 Julai 1985 matamasha ya Live Aid yakafanyika London na Philadelphia. Picha za Amin ziliokoa maisha, na heshima hiyo ni yake daima.

Lakini fremu iliyojengwa juu ya picha hizo ilikuwa ya ukame: ardhi imekauka, mvua imegoma, watu wanakufa, dunia itoe. Nje ya fremu palibaki vita vya miaka mingi huko Tigray na Eritrea. Ilibaki pia serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam, iliyotumia njaa kama silaha na kuhamisha mamia ya maelfu ya wakulima kwenda kusini, wengi kwa nguvu, na ambayo Septemba 1984 ilikuwa imesherehekea kwa fahari miaka 10 ya mapinduzi. Ukame una jibu moja, chakula. Vita vinahitaji pia siasa, na swali la nani anazuia chakula kisifike. Madhara mengine yalidumu zaidi: kwa kizazi kizima cha watazamaji wa Ulaya na Marekani, mtoto mwenye njaa, asiye na jina wala lugha, akawa ndiye sura ya Afrika.

Ndege mbili

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya kivita ya Kisovieti iliidungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, watu wote 269 wakafa. Tarehe 3 Julai 1988 meli ya kivita ya Marekani, USS Vincennes, iliidungua ndege ya abiria ya Iran, safari namba 655, juu ya Ghuba ya Uajemi, watu wote 290 wakafa. Katika visa vyote viwili jeshi liliua raia waliokuwa safarini na kudai liliwadhania maadui.

Mwaka 1991 Entman alilinganisha jinsi vyombo vikubwa vya habari vya Marekani, yakiwamo magazeti New York Times na Washington Post na majarida Time na Newsweek, vilivyoripoti matukio hayo. Tukio la kwanza liliandikwa kwa lugha ya shambulio na uovu, na jalada la Newsweek lilizungumzia mauaji angani. Tukio la pili liliandikwa kwa lugha ya msiba na hitilafu: rada, mkanganyiko, sekunde chache za uamuzi, na jalada likauliza kwa nini ilitokea. Abiria wa Korea waliandikwa kama wapendwa waliokuwa na familia. Wa Iran walionekana kidogo. Hakuna aliyelazimika kuongopa. Swali la “nani amefanya uovu huu?” lilibadilishwa tu na swali la “mitambo ilikosea wapi?”

Uasi au vita, gaidi au shujaa

Historia nayo huwekewa fremu, na fremu hiyo hudumu kuliko gazeti. Julai 1905 wakulima wa Umatumbi, kusini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, waling’oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu, na mapambano yakaenea kusini nzima hadi 1907. Watawala waliyaita uasi. Neno hilo hutangulia kukubali kuwa yupo mtawala halali, na anayepinga ndiye mkosaji. Vita vya Maji Maji ni jina lenye pande mbili zinazopigana, kila moja ikiwa na haki ya kudai yake. Watoto wa shule wanaosoma “uasi” na wanaosoma “vita” hawatoki darasani na nchi moja.

Kenya ina picha mbili za mtu mmoja. Ya kwanza ilipigwa Oktoba 1956, siku Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipokamatwa: amelala kwenye machela, amejeruhiwa, mikono ina pingu, mavazi ni ya ngozi ya chui. Serikali ya kikoloni iliisambaza, na pamoja nayo wazo kwamba Mau Mau ni watu wa mwituni waliorudi kwenye ushenzi. Mtazamaji humtazama Kimathi kutoka juu. Nje ya fremu yalibaki makambi ya kizuizini, ardhi iliyochukuliwa, na hesabu yenyewe: katika miaka ya hali ya hatari waliuawa walowezi 32 wa Kizungu, ilhali Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walizidi 1,000. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Picha ya pili ni sanamu ya shaba iliyozinduliwa jijini Nairobi mwaka 2007, kwenye barabara inayobeba jina lake. Amesimama juu ya jukwaa na bunduki yake, na sasa mpita njia ndiye anayelazimika kuinua macho.

Fremu inapoandaa mauaji

Rwanda ilionyesha fremu inaweza kufika wapi. Redio RTLM, iliyoanza matangazo mwaka 1993, iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Jina hilo lilitimiza kazi zote nne za fremu kwa neno moja: tatizo ni wadudu, wamejificha ndani ya nyumba, hawana hadhi ya kuhurumiwa, na dawa ya mende inajulikana. Kuua kuliitwa kazi, na panga likawa zana ya kazi. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu waliuawa katika muda wa takriban siku 100. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini wote watatu walibaki na hatia.

Mipaka ya nguvu ya fremu

Msomaji si mtungi mtupu unaojazwa chochote. Fremu hushika zaidi pale ambapo mtu hana uzoefu wake mwenyewe. Mkazi wa Msimbazi hahitaji gazeti kumwambia maji yalipita wapi. Anayelihitaji ni msomaji wa mbali, na ndiye mara nyingi mwenye mamlaka ya kuamua. Wataalamu wa siasa James Druckman na Kjersten Nelson walionyesha mwaka 2003 kuwa athari ya fremu hufifia pale watu wanapoijadili na wenzao wenye maoni tofauti. Barazani na kijiweni, ambako kichwa kimoja cha habari hubishaniwa na watu kumi, kazi hiyo imekuwa ikifanyika tangu zamani. Hatari huja pale wabishi wote wanapotoka upande mmoja, kama ilivyo katika makundi mengi ya WhatsApp, ambako picha ya miaka iliyopita huzungushwa na maelezo mapya na hakuna wa kuuliza.

Kusoma fremu

Uwezo wa kuona fremu hujengwa kwa maswali machache yanayoulizwa kila mara. Nani ametenda, na kitenzi kinamtaja au kinamficha? Aliyetajwa ameitwa kwa jina lipi, na yeye mwenyewe angejiitaje? Mpigapicha alisimama wapi, na kulikuwa na nini pembeni ya picha? Hiki ni kisa cha mtu mmoja au mkondo, na kama ni cha mmoja, wako wangapi kama yeye? Je, kama waliotenda wangekuwa upande wa pili, habari ingeandikwa kwa maneno haya haya?

Maswali hayo yanamhusu mwandishi kabla ya msomaji. Kichwa kinachosema fedha za kijiji zimepotea kinaweza kuwekwa mezani na kuulizwa. Zilikuwa shilingi ngapi, na za nini? Nani alikuwa na ufunguo au saini? Mkutano wa mwisho wa kijiji ulisomewa hesabu lini? Mwandishi akiyapata majibu hahitaji kumhukumu mtu yeyote wala kupandisha sauti. Atataja kiasi, atataja kazi iliyokusudiwa, atataja ofisi iliyokabidhiwa na siku ambayo hesabu haikutolewa, na atampa mwenye ofisi nafasi ya kujibu. Habari hiyo nayo ina fremu, lakini aliyepaswa kujibu yumo ndani yake.